Gari Lililotoka kwa Fundi Bila Nguvu

Si jambo geni kumwona mtu amemlipa fundi, akapokea ufunguo, akaondoka kwa furaha, na kabla hajafika mbali akatambua kwamba gari lake limelegea. Katika tambarare laenda, lakini mlimani lajikokota kama punda aliyezidiwa na mzigo. Ikiwa gari hilo ni la dizeli lenye turbo, mara nyingi mwenyewe huambiwa papo hapo kwamba turbo imekufa, hana budi kununua nyingine. Bei yake yaweza kumaliza mavuno ya msimu mzima au karo ya mtoto. Basi, msomaji, kabla hujafungua mfuko yafaa ujue machache.

Turbo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moshi utokao katika injini hulizungusha la kwanza. La pili huvuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Uvumbuzi huu uliandikishwa mwaka 1905 na Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi. Dizeli haiungui vyema pasipo hewa tele, na katika nyanda zetu za juu hewa ni nyepesi. Pale Timboroa, kama mita 2,700 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya robo kuliko ile ya Mombasa. Ndiyo sababu mkulima wa milimani huuona upesi upungufu ambao mtu wa pwani angeweza kukaa nao bila kuujua.

Kanuni ya kwanza ni hii: ugonjwa ulioanza siku gari lilipotoka kwa fundi, utafute pale mkono wa fundi ulipopita. Turbo iliyokuwa nzima jana si rahisi ife leo kwa sababu ya kubadilishwa kichujio; lakini mpira uliofunguliwa ili mkono upate nafasi, ni rahisi kusahauliwa.

Anza na hewa. Zima injini, ingoje ipoe, kisha fuata kwa mkono mipira yote tangu kwenye kichujio cha hewa mpaka kwenye turbo, na kutoka hapo mpaka kwenye injini. Klipu iliyolegea, mpira uliopasuka, au utando mpya wa oili penye kiungo ni dalili ya kuvuja. Dalili nyingine ni mlio wa kufoka gari linapopanda mlima, na moshi mweusi unapokanyaga mafuta. Hakikisha pia kwamba hakuna kitambaa kilichosahauliwa ndani ya bomba; kikivutwa, huenda kikayavunja mapanga, na hapo turbo itakufa kweli.

Pili, tazama mipira myembamba iongozayo turbo, na plagi za waya za vipima hewa. Mpira ukichomekwa pasipo pake, au plagi ikiachwa wazi, kompyuta ya gari huipunguzia injini nguvu ili kuilinda. Taa ya injini ikiwaka, mwombe fundi asome hitilafu zilizoandikwa humo na kuzinakili kabla ya kuzifuta.

Tatu, dizeli yenyewe. Kichujio kipya kisichokazwa vyema huingiza hewa katika mafuta. Injini hukohoa, nayo huwa nzito kuwaka asubuhi. Lakini jihadhari sana: usilegeze kamwe mabomba ya kwenda kwenye nozeli injini ikiwa inanguruma. Dizeli humo husukumwa kwa nguvu iwezayo kutoboa ngozi ya mtu, na jeraha hilo, hata likionekana dogo, ni la kukimbiza hospitali.

Nne, ikiwa ukanda wa taimingi ulifunguliwa, jino moja tu likikosewa latosha kuiondolea injini nguvu. Usiendelee kuliendesha gari hilo. Lirudishwe, alama zipimwe upya.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo turbo yenyewe ikaguliwe. Mhimili ukicheza hata mapanga yakagusa kuta zake, au moshi wa buluu ukizidi, yaelekea imechakaa. Nayo mpya isifungwe kabla ya kusafisha bomba liletalo oili, wala injini isiwashwe kabla ya kuitilia oili, maana mhimili wake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Mwisho, rudi kwa fundi kwa adabu, umwulize ni vitu gani alivyofungua, navyo uviandike pamoja na tarehe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na siku nyingine, kabla ya kulipa salio, mwombe mpande mlima pamoja.