MASHINE MBOVU SI TAKATAKA

Mnamo mwezi Septemba 1983, malori ya kampuni ya Atari ya Marekani yalitoka El Paso yakiwa yamesheheni kaseti za michezo ya video na mitambo yake, yakaenda kuzimwaga katika jalala la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Shehena hiyo ilipondwa, ikafukiwa, kisha ikamwagiwa zege. Mwaka huo huo kampuni ilitangaza kuwaachisha kazi wafanyakazi 1,700 huko California ili utengenezaji uhamie Hong Kong na Taiwan. Ndiyo desturi ya tajiri: biashara ikimwendea kombo, mali huifukia na mfanyakazi humfukuza.

Mwezi Aprili 2014 jalala lile lilifukuliwa. Kaseti zipatazo 1,300 zilitolewa. Nyingi ziliuzwa kwa mnada, na moja imo katika makumbusho ya Smithsonian. Kilichoitwa takataka kimekuwa mali.

Twayakumbusha haya kwa sababu mashine za namna hiyo zimo mijini mwetu. Vijana huzichezea vibandani, na nyingi huletwa zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo. Zikifa hutupwa jalalani, na huko maskini mwenzetu huchoma nyaya apate shaba kidogo ya kuuza. Moshi wa nyaya hizo ni sumu. Mashine zilizotengenezwa kabla Ulaya haijazuia risasi mwaka 2006 zina risasi katika lehemu zake, na televisheni za zamani za kioo kinene zina risasi nyingi zaidi. Madini hayo hudhuru akili ya mtoto mdogo.

Hatumlaumu achomaye nyaya, anatafuta riziki. Twamlaumu aletaye mashine, akala faida, na kuwaachia wengine sumu.

Mafundi wetu wametuonyesha njia. Feni ya mashine iliyokufa hufufua nyingine. Vitufe vya pedi iliyovunjika huvalishwa pedi nzima. Adapta iliyo salama hurudi kazini. Hiyo ni kazi ya heshima, nayo hupunguza fedha tunazopeleka ng'ambo.

Lakini kisichofaa tena kiende wapi? Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 unakataza kuingiza taka za hatari barani Afrika. Tanzania nayo ilitunga kanuni za taka za vifaa vya umeme mwaka 2021. Sheria ni njema, lakini sheria haizoi taka.

Kwa hiyo twasema: kila halmashauri itenge kituo cha kupokea mashine mbovu, waingizaji wagharamie kituo hicho, na wale wanaofumua mashine jalalani wasifukuzwe, bali wapewe glavu, mafunzo na bei ya haki, kwani ujuzi wa kazi hiyo ni wao.

Nawe, ndugu msomaji, mashine yako ikiharibika mpelekee fundi kwanza. Akishindwa, usiichome wala usiifukie.