Tundu moja, ndege wa aina mbili

Ipo imani iliyozoeleka mno miongoni mwa wafugaji wa ndege jijini Nairobi, nayo ni kwamba viumbe wanaofanana hawawezi kudhuriana. Ukiingia katika maduka ya wanyama wa kufugwa katikati ya jiji, huenda ukawakuta kasuku wadogo wa kijani, wenye vichwa vya rangi mbalimbali, wamejazwa pamoja ndani ya tundu moja. Nilipomwuliza muuzaji mmoja kwa nini hakuwatenganisha, alinijibu kwa upole kwamba wote ni jamaa moja na watapatana tu. Alisema kweli. Hupatana, hujenga kiota, hutaga na kuangua. Taabu yenyewe huanzia hapo.

Kasuku hawa, ambao kwa Kiingereza wamepewa jina lenye maana ya ndege wapendanao, wako wa spishi tisa. Ninaowazungumzia ni wawili tu, ambao kitovu chao ni Tanzania. Wa kwanza ni kasuku wa Fischer, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, ambaye kwao ni nyanda zilizo kusini na kusini-mashariki ya Ziwa Viktoria hadi Serengeti. Wa pili ni kasuku wa kola ya manjano, mwenye kichwa cheusi, ambaye kwao ni Tanzania ya kati. Wote wawili walielezwa kitaalamu na Mjerumani Anton Reichenow mwaka 1887. Huko porini kila mmoja hukaa kwake, na kwa hiyo kila mmoja amehifadhi umbo na rangi yake kwa karne nyingi.

Mpaka huo haukuvunjwa na ndege. Ulivunjwa na binadamu mwenye tundu mkononi. Katika miaka ya 1980 kasuku wa Fischer alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani. Baadhi ya waliofugwa nchini Kenya walitoroka, na wengine waliachiliwa. Leo hii, ukizuru ukingo wa Ziwa Naivasha, utayaona makundi ya kasuku hawa yakiruka kwa kelele kutoka mti hadi mti. Watazame vichwa. Wengi si wa rangi ya chungwa safi wala si weusi, bali ni wa hudhurungi iliyofifia, mithili ya rangi mbili zilizokorogwa katika kopo moja. Hao ni machotara. Hata katika bustani za vitongoji vya magharibi ya Nairobi, ndege wa namna hiyo huonekana, na wengi wetu huwashangilia kwa uzuri wao bila kujua kwamba hawana kwao.

Isitoshe, kasuku hawa huzaliana ndani ya mashimo ya miti, na mashimo hayo ni haba. Watafiti waliochunguza jambo hili Naivasha katika miaka ya 1980 walieleza jinsi wageni hao wanavyoshindana na ndege wenyeji wanaotegemea mashimo yayo hayo. Hivyo basi, kosa lililofanywa ndani ya tundu halikubaki ndani ya tundu.

Hapa nawageukia walimu. Kwa muda mrefu tumewakaririsha wanafunzi kwamba spishi mbili tofauti haziwezi kupata mzao mwenye rutuba, na mfano wetu umekuwa mmoja tu: baghala, yaani mtoto wa punda na farasi, ambaye hazai. Mfano huo ni sahihi, lakini si sheria ya viumbe wote. Machotara wa kasuku wa Fischer na wa kola ya manjano huzaa bila shida, na watoto wao nao huzaa. Lakini kasuku yeyote kati ya hao wawili akipandana na binamu yake wa Namibia mwenye uso wa waridi, kwa kawaida mzao huwa tasa. Ukoo ni ule ule, ila matokeo ni mawili. Mwanafunzi asiyeelezwa haya ataamini kwamba maumbile yenyewe yatazuia mchanganyiko, na kwamba yeye mfugaji hana wajibu wowote. Anayezuia mchanganyiko mara nyingi ni mlima, ziwa au umbali, na vitu hivyo vitatu havimo ndani ya tundu.

Kabla sijaendelea, niondoe shaka moja. Neno chotara limetumiwa vibaya dhidi ya watu. Binadamu sote ni spishi moja, na ndoa kati ya makabila au mataifa si jambo ninalolizungumzia hapa hata kidogo. Anayetaka kuichukua hoja ya ndege na kuipeleka nyumbani kwa jirani yake hajaelewa somo la biolojia.

Wapo watakaonipinga kwa hoja nzito zaidi. Watauliza: je, si mahuluti yaliyotulisha? Ni kweli kwamba mwaka 1964 wakulima wa Kenya walipata mahindi ya H611, yaliyotokana na kupandanisha mahindi ya Kitale na mengine yaliyoletwa kutoka Ekuador, na mavuno yakaongezeka. Nami naiheshimu kazi hiyo. Lakini hebu tuitazame ilivyofanywa. Kwanza, wazazi wote wawili walikuwa mahindi, yaani spishi moja. Pili, mtaalamu wa mbegu huwatunza wazazi kila mmoja mbali na mwenzake, huandika nasaba yao, na hupandanisha kwa makusudi. Akiwaacha wazazi wachanganyike ovyo shambani, hatakuwa na cha kupandanisha mwaka ujao. Ndiyo maana nchi hii ina benki ya mbegu pale Muguga, magharibi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1988. Mahuluti mema hutegemea asili iliyolindwa. Kwa hiyo mfano wa mahindi haumtetei muuzaji wa ndege. Unamshtaki.

Anayetaka kujua mwisho wa uzembe huu na aliangalie Ziwa Viktoria. Ngege wa asili wa ziwa hilo, ambaye Mwingereza Michael Graham alimpa jina la kisayansi mwaka 1928, alikuwa ndiye samaki mkuu wa wavuvi. Katika miaka ya 1950 akaletwa tilapia wa Mto Nile, binamu yake mwenye nguvu zaidi. Uvuvi wa kupita kiasi, ushindani na sangara vilichangia kumwangamiza ngege, lakini kuchanganyika na binamu huyo nako kulifanya kazi yake polepole. Ngege amebaki katika maziwa madogo kama Kanyaboli kule Siaya, na uchunguzi wa vinasaba katika maziwa ya eneo hilo umeonyesha alama za mchanganyiko huo. Hata hivyo, mlaji wa Nairobi bado huagiza ngege, akaletewa samaki mwingine, na akala kwa furaha. Jina limebaki, mwenye jina ameondoka. Spishi inayokufa kwa risasi huacha mzoga na watu wakalia. Inayokufa kwa kuchanganywa haiachi hata matanga.

Nionavyo mimi, shule ndizo mahali pa kuanzia, kwani nyingi hufuga ndege, samaki au sungura kwa ajili ya masomo. Kwanza, kila tundu na kila tangi liwe na spishi moja tu. Pili, pawe na daftari linaloeleza kila kiumbe kilitoka wapi na wazazi wake ni nani. Machotara waliopo watunzwe vyema hadi mwisho wa maisha yao, kwani hawana hatia, lakini wasizalishwe wala kuuzwa kwa jina la mzazi mmoja. Tatu, asifunguliwe mlango ndege yeyote kwa kisingizio cha huruma. Aliyechoka kufuga na atafute ushauri wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo pia ndilo la kuulizwa kuhusu kibali kinachotakiwa na sheria ya mwaka 2013 kabla ya kufuga wanyama wa porini.

Walimu walio karibu na jiji wanaweza pia kuwapeleka wanafunzi katika Makumbusho ya Taifa, ambako ndege waliohifadhiwa tangu zamani huonyesha kila spishi ilivyokuwa. Kisha wawatume na madaftari kuwatazama kasuku wa vitongojini na kuandika rangi ya kila kichwa. Watajifunza mengi kuliko kwa kukariri.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa damu ikishachanganyika hakuna fundi wa kuujenga ukuta huo upya. Kutenganisha matundu mawili ni kazi ya asubuhi moja. Kutenganisha spishi mbili zilizokwisha kuwa moja hakuna anayeweza.