Gari la Porini Lichaguliwe kwa Difu

Wengi hudhani kwamba gari refu lenye tairi pana na kusukumwa na magurudumu yote manne halikwami. Dhana hiyo ni ghali. Gari la wagonjwa lililonasa katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika halimfikishi mama mjamzito hospitalini, hata likiwa na maandishi makubwa ubavuni.

Hapana budi kuanza na difu. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, na difu huyaruhusu yazunguke kwa mwendo tofauti. Lakini difu ya kawaida huyapa magurudumu hayo nguvu sawa ya kuzungusha. Gurudumu lililo katika utelezi haliwezi kupokea ila nguvu kidogo. Basi lililo pakavu nalo hupata kidogo hicho hicho. Ndipo gurudumu moja la mbele na moja la nyuma huzunguka bure, huku mengine mawili yakitulia kama nguzo. Dawa yake ni kufuli ya difu, inayoyalazimisha magurudumu ya ekseli moja kuzunguka pamoja.

Magari mengine ya siku hizi hulishika breki lile linaloteleza, kwa amri ya kompyuta. Hufanya kazi vizuri, alimradi vyombo vyake vya umeme ni vizima. Vikiharibika mbali na mji, fundi wa wilaya hana la kufanya. Si ajabu kwamba Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ingali inanunuliwa: vipuri vyake hupatikana, na mafundi wengi waijua. Shule inayotaka gari yafaa imwulize fundi wa hapo kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Wanafunzi wa fizikia nao waweza kuipima difu. Injini izimwe, gia iingizwe, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa magogo, na ekseli ya nyuma iinuliwe na kuegemezwa imara. Gurudumu moja la nyuma likizungushwa kwa mkono, la pili huzunguka kinyume. Kufuli ikiwa imefungwa, hakuna litakalozunguka. Likizunguka, muuzaji aulizwe kufuli anayoisifu iko wapi.