Ngoma ya Ngadji ikirudi, itakaa wapi?

Msafiri anayependa mambo ya kale akitoka Mombasa kuelekea Lamu kwa barabara, njia yake imepambwa kwa makavazi. Huanza na Fort Jesus, akapita magofu ya Gede na makavazi ya Malindi, akamalizia Lamu, ambako imehifadhiwa siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Lakini katikati ya safari hiyo upo mji wa Garsen, panapogawanyika barabara ya Lamu na ile ya Hola na Garissa. Hapo abiria hushuka, hununua matunda, hunyoosha miguu, kisha gari huondoka. Historia ya Mto Tana huachwa nyuma bila kuonwa.

Kasoro hiyo haitokani na uhaba wa cha kuonyesha. Wimbo wa Taifa la Kenya ulioanza kuimbwa mwaka 1963 ulijengwa juu ya muziki wa bembelezi ya akina mama wa Kipokomo, uliotolewa kwa jopo la watunzi na Mzee Meza Galana. Karibu na Kipini, mahali ambapo mto huingia baharini, yapo magofu ya Ungwana, mji wa kale wa Waswahili ambao mwanaakiolojia James Kirkman aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1966. Eneo hilohilo ndilo linalotajwa katika masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi. Taifa zima husimama wima kwa muziki wa Tana, ilhali wachache mno wanajua ulikotoka.

Kitu kinacholiweka suala hili katika mizani ni ngoma ya Ngadji. Kwa Wapokomo, Ngadji haikuwa chombo cha burudani. Ilikuwa alama ya mamlaka ya utawala wao wa jadi, na sauti yake iliwaita watu kwenye mambo mazito ya jamii. Maafisa wa serikali ya kikoloni waliitwaa mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia katika British Museum jijini London. Tangu wakati huo imekaa ghalani, huku wazee wa Tana wakidai irudishwe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inayosimamia taasisi hiyo huwabana wadhamini wake wasitoe mali iliyomo ila kwa sababu chache sana.

Dai hilo ni la haki. Hata hivyo, kila dai la kurudishiwa mali huzaa swali la pili: irudishwe wapi? Iwapo Ngadji ingeshushwa kesho katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, yumkini ingepelekwa Nairobi, kwa kuwa huko ndiko kwenye maghala, wataalamu na ulinzi. Mkaazi wa Garsen angelazimika kusafiri siku nzima na kulipa nauli na kiingilio ili aone kilichokuwa cha babu zake. Safari ya ngoma ingekuwa imefupishwa, lakini haingekuwa imekwisha.

Tumekwisha kuuona mfano wa jambo hili. Mradi wa pamoja wa watafiti na wasanii wa Kenya na Ujerumani uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya asili ya Kenya vilivyomo katika taasisi za ng'ambo. Maonyesho yake ya mwaka 2021 yalifanyika Nairobi, kisha yakaenda Köln na Frankfurt. Jamii za mashinani ambazo mali zao ndizo zilizohesabiwa zilibaki kusimuliwa tu.

Ghana imeonyesha njia nyingine. Mwaka 2024, British Museum na Victoria and Albert Museum zilipeleka vitu 32 vya ufalme wa Asante kwa mkopo wa miaka mitatu. Havikupelekwa Accra, mji mkuu. Vilikwenda Kumasi, katika makavazi ya kasri la Manhyia, baada ya mazungumzo na mfalme mwenyewe, Otumfuo Osei Tutu II. Mkopo si marejesho, na wengi walilalamika kuwa mwenyewe anaazimwa mali yake. Lakini Waasante walikuwa na jambo moja ambalo Tana River inalikosa: nyumba iliyo tayari kupokea.

Sheria za Kenya hazizuii nyumba kama hiyo kujengwa. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linayataja makavazi miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Aidha, Kitale na Kisumu zimekuwa na makavazi kwa miaka mingi kabla ya ugatuzi, na wanafunzi wa maeneo hayo hawalazimiki kuabiri hadi Nairobi ili wajifunze habari za kwao.

Vikwazo halisi ni viwili. Cha kwanza ni mto wenyewe. Mafuriko ya Tana hukata barabara na kuhamisha vijiji, na unyevu ni adui wa mbao na ngozi. Jengo lolote litahitaji kiwanja kilichoinuka na fedha za matunzo ya kila mwaka, wala si za uzinduzi pekee.

Cha pili ni kizito zaidi. Mwaka 2012 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma katika eneo la Tana Delta yaliwaua watu zaidi ya 100, kiini chake kikiwa ardhi, malisho na maji. Katika mazingira hayo, makavazi ya jamii moja yanaweza kusomwa na jamii jirani kama hati ya kumiliki ardhi. Mtumbwi wa Mpokomo ukiwekwa peke yake, mfugaji atauliza vyombo vyake vya maziwa viko wapi. Wardei, Wamunyoyaya na Wasanye nao watauliza. Kwa hiyo bodi ya makavazi iundwe kabla ya msingi kuchimbwa, na kila jamii ichague yenyewe cha kuonyesha na cha kusitiri. Hata Ngadji haikuwa ya kuonwa na kila mtu. Wazee ndio wenye kauli iwapo itawekwa ndani ya kioo au mahali pa faragha.

Kaunti inaweza kuanza kwa udogo: chumba kimoja Garsen, sauti za wazee zilizorekodiwa, bembelezi iliyozaa Wimbo wa Taifa, na ramani ya Ungwana. Akiba haiozi. Siku wajumbe wa Tana watakapoketi tena mbele ya wakuu wa London, hoja yao itakuwa nzito zaidi wakiwa na anwani ya kuwapa.