Wanafunzi wenyeji nao wapande gari

Kila mwaka inapofika Julai na Agosti, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani na vumbi limetanda barabara za vijijini, makundi ya wanafunzi kutoka Uingereza na nchi nyingine za Magharibi huwasili nchini. Safari yao huwa na sehemu mbili. Kwanza hukaa kijijini wiki moja au mbili wakipaka rangi madarasa, wakichimba misingi ya vyoo au kupanda miti. Kisha hufunga mizigo na kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti kutazama wanyama, na baada ya hapo hurejea kwao.

Wahenga waliagiza kwamba mgeni apewe jembe siku ya tatu. Wageni hawa huliomba siku ya kwanza, tena wamelipa nauli kubwa ili walishike. Si jambo la kubezwa. Kijana wa miaka 17 anayeacha starehe za likizo akaja kuchanganya zege Kondoa au Bahi ana moyo mwema, na anayemcheka kwa malengelenge ya viganja vyake hamtendei haki.

Hata hivyo, hapana budi kusema kwamba mikono si kitu kilichopungua katika uwanda wa kati. Madarasa ya MMEM, mpango ulioanza mwaka 2002, yalisimama kwa fedha za serikali pamoja na mchanga, mawe na maji yaliyosombwa na wananchi wenyewe. Mwaka 2021 yalipojengwa madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kazi ilifanywa na mafundi wa papo hapo. Wala wiki mbili si muda wa kufundisha. Vijana wa Kimarekani wa Peace Corps, ambao kundi lao la kwanza lilifika Tanganyika mwaka 1961, walikuja kwa miaka miwili na walifundishwa Kiswahili. Wiki mbili hazitoshi hata kushika majina ya darasa moja.

Linalostahili kufikiriwa zaidi ni ile sehemu ya pili ya safari. Siku gari la wageni linapoondoka kwenda mbugani, mwanafunzi mwenyeji hubaki uwanjani akipunga mkono. Na huyo ndiye anayeishi na wanyama hao. Katika wilaya za Chemba na Kondoa viko vijiji jirani na mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero. Huko Manyoni yako ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Mtoto wa vijiji hivyo humjua tembo kwa usiku wa kukesha shambani, kwa moto na debe linalogongwa, na kwa mtama uliolala chini asubuhi. Sheria inampa mzazi wake kifuta jasho kwa shamba lililoharibiwa na kifuta machozi kwa ndugu aliyeuawa; majina yenyewe yanatosha kuonyesha kwamba hayo si fidia.

Mtoto huyo ndiye anayetakiwa darasani aandike insha juu ya faida za wanyamapori. Septemba 1961 Mwalimu Nyerere alitamka Arusha kwamba wanyama hawa ni amana ya watoto na wajukuu wa nchi hii. Vilabu vya Malihai vilianzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya wanafunzi, na walimu walezi wamejitahidi. Lakini klabu isiyo na gari huishia kwenye nyimbo na michoro ya ubaoni.

Basi inafaa pawe na sharti moja, jepesi: kundi la wageni 20 likitaka kufanya kazi shuleni, wanafunzi 20 wa shule hiyo waende nalo mbugani. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kuliko kile cha wageni, hivyo mzigo hasa ni basi na chakula. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilifunguliwa mwaka 2018, na Tarangire haiko mbali na hapo. Muhula wa masomo usivurugwe. Jumamosi na Jumapili zinatosha.

Wako watakaosema si adabu kumwekea mgeni masharti. Lakini mgeni huyu hatapoteza kitu. Akimwona tembo atauliza uzito wake na umri wake, na mwongozaji atamjibu. Aliyeketi kando yake, mtoto wa Chemba, atamweleza jinsi kundi zima linavyoingia shambani gizani bila kishindo, na nani kijijini hakurudi.

Neno hili ni la walimu wakuu, kamati za shule na maofisa elimu wa wilaya, kwa kuwa wao ndio wanaopokea barua za maombi, na za mwaka ujao huanza kufika mapema. Katika jibu, chini ya idadi ya mifuko ya saruji, iandikwe idadi ya viti.