Kichanuo chenye sura ya kisu, na maski yenye sura ya maski

Leo sitasema juu ya bei ya kobalti wala juu ya mishahara. Nitasema juu ya kichanuo. Musicheke kwanza. Ile kichanuo ilikaribia kupotezea kijana mmoja kazi, na kwangu mimi ilinifungua macho juu ya kitu kingine kikubwa zaidi.

Wengi wenu mumekwisha kukiona. Kinauzishwa ku meza za vijana mu soko ya komine Kenya, hapa Lubumbashi, pembeni ya viberiti vya gazi, miwani ya jua na masaa ya mukono. Kikifungwa, kinafanana kabisa na kisu cha kukunja cha zamani: mushikio murefu na mwembamba, mweusi ao wa rangi ya mufupa, na kakifungo kamoja pembeni. Unafinya kifungo, resori inasukuma, tak! kitu kinaruka inje. Lakini chenye kinaruka si chuma ya kukata. Ni meno ya kichanuo. Unachana nywele, unakifunga, unarudisha mu mufuko. Bei yake haipite sana ile ya chupa ya bia. Ni vitu vya kuchekesha, sawa vingine vingi vyenye kutoka China, vinashuka ku bandari ya Dar es Salaam, vinatuingilia kwa Kasumbalesa.

Sura yake haikuzaliwa China. Ile sura ni ya visu vya Italia, vya ncha kali, vyenye watu wa muji wa Maniago, kule kaskazini, wamejulikana kwa kuvitengeneza. Kisha vita ya 1940-1945, waaskari wa Marekani walirudi navyo kwao. Halafu sinema ikavipenda. Katika filme ya 1955 ya James Dean, Rebel Without a Cause, vijana wanapigana kwa visu vya namna ile. Wazazi wakaogopa, magazeti yakapiga kelele, na mu 1958 Marekani ikatoa sheria ya kukataza biashara ya visu vile kati ya jimbo na jimbo. Mwaka uliofuata, 1959, Uingereza nayo ikavikataza. Kwa hiyo kichanuo hiki ni muchezo juu ya woga wa wazee: kijana anatoa kitu, watu wanaruka, kumbe anatengeneza tu nywele.

Na siye wa Congo tusijifanye kama haituhusu. Miaka ile ya 1950, vijana wa Léopoldville waliangalia filme za cowboy, wakajiita ma-Bill, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa na kutembea sawa wale wa mu sinema. Kijana kutaka kuonekana mukali, iko tangu zamani. Hakuna sheria itamaliza ile.

Sasa nifike ku mambo yenyewe. Kompani sitaitaja jina, na kijana pia sitamutaja. Ni mufanyakazi wa mu concentrateur, mutu wa zamu ya usiku, baba ya watoto wawili, analipa nyumba ya watu. Asubui moja, wakati wa kutoka, walimupapasa ku mulango, sawa vile wanatupapasa siye wote kila siku ili kuangalia kama hatukuiba kitu. Gardi akagusa mufuko wa suruali, akatoa kile kitu, akafinya kifungo. Resori ikaruka. Gardi akarudi nyuma hatua mbili na kupiga kelele:

— Weye uko na kisu!

— Hapana, papa, iko kichanuo tu. Uangalie meno yake.

— Utaelezea ku biro.

Ku biro hakuna mwenye alimuuliza. Kitu kiliwekwa mu bahasha, bahasha ikafungwa kwa gundi, juu yake wakaandika maneno mawili ya Kifaransa: arme blanche. Kuanzia pale, hakuna mutu aliangalia tena kitu chenyewe. Ripoti ya gardi ilisema arme blanche. Shefu wa sekirite alisoma ripoti, naye akaandika arme blanche. Biro ya wafanyakazi ikasoma karatasi ya shefu, ikamusimamisha kijana kazi. Karatasi tatu, sahihi tatu, na kichanuo kimelala ndani ya bahasha mu kabati.

Wakati barua ya kumufukuza kwa kosa kubwa ilitoka, siye madelege tukaomba mukutano. Nilisema jambo moja tu: «Fungueni bahasha.» Walikataa kwanza, eti dosye imekwisha kufungwa. Tulikaa pale saa nzima. Mwishowe mukubwa wa biro alikata bahasha mwenyewe, akafinya kifungo, na kichanuo kikaruka mbele yake juu ya meza. Mu meno yake mulikuwa bado nywele mbili za yule kijana. Hakuna mutu alicheka. Yule mukubwa akauliza kwa sauti ya chini: «Ni hiki tu?»

Ningependa kuwaambia kama pale mambo yaliisha. Hayakuisha. Walisema hata kama si kisu, kinafanana na kisu, na kufanana nako ni kosa. Tukalazimika kupitia ku sheria. Code du travail ya 2002, katika kifungu cha 72, inasema mwenye kutaka kuvunja mapatano ya kazi kwa kosa kubwa anapashwa kumujulisha mwenzake kwa maandiko katika siku 15 za kazi, kuanzia siku alijua lile jambo. Tulihesabu siku ku kalendari, moja moja, mbele yao. Barua ilikuwa imechelewa. Basi kijana akarudia kazi. Lakini muone vizuri: tulishinda kwa hesabu ya siku. Kama barua ingetoka mapema, kile kichanuo kingebaki kisu mu karatasi, na familia moja ingelala njaa juu ya meno ya plastiki.

Nisipendelee upande mumoja. Gardi hakukosea kwa kuogopa. Anasimama ku mulango kwa mushahara mudogo, usiku, na watu wamekwisha kutolewa visu vya kweli pale mulangoni. Mutu akikutolea kitu chenye kuruka namna ile, hautangoja kuhesabu meno. Na kijana naye nilimuambia uso kwa uso: «Mudogo wangu, ulipeleka muchezo mahali pa kazi. Mahali penye watu wanachoka na wanaogopana, usipeleke kitu chenye kufanana na kisu.» Alinijibu: «Yaya, nilikipenda tu.» Namusamehe, lakini kosa lake liko. Kosa la gardi lilikuwa la dakika moja. Kosa la biro lilikuwa la majuma mengi, kwa sababu walikuwa na wakati wa kuangalia, na hawakuangalia.

Siku zile za mabishano, nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Nikafungua mufuko wangu wa kazi, nikatoa maski yangu ya kujikinga na vumbi. Nikaiangalia. Inje ilikuwa nyeupe, imeandikwa FFP2 vizuri. Ndani, upande wa mudomo, ilikuwa na rangi ya majivu. Maana yake vumbi lilipita, ao lilizunguka pembeni ya pua na kuingia. Nikapenga kamasi mu kitambaa: nayo ni ya majivu.

Pale njo nilisikia haya. Kwa sababu makartoni ya zile maski ni mimi niliyapokea pamoja na wenzangu wa komite. Tulihesabu makartoni, tukasoma maandiko ya inje, tukaweka sahihi. Hatukufungua hata moja na kuijaribu ku uso. Tulifanya sawa vile biro walifanya na bahasha. Wao waliona neno «kisu», wakaamini. Siye tuliona neno «FFP2», tukaamini. Lakini neno FFP2 linaweza kuchapwa na mutu yeyote mwenye mashini ya kuchapa.

Muangalie tofauti. Kitu chenye sura ya kisu lakini hakikate, kilisimamisha watu watatu wa biro, kilitoa ripoti, barua na mikutano. Kitu chenye sura ya kinga lakini hakikinge, kinavaliwa kila siku na mamia ya watu, na hakuna mutu aliandika hata mustari mumoja. Na vumbi la mawe lenye silika halina haraka. Linaingia mu mapafu kidogo kidogo, miaka na miaka, na ugonjwa wake, silikozi, hauna dawa ya kuuponyesha. Wazee wetu wamoja waliotoka ku mugodi wanakohoa mpaka leo mu Kamalondo na mu Katuba, na hakuna gardi aliwapiga kelele siku vumbi lilikuwa linaingia.

Basi, ninaomba mambo matatu, na siyaombi kwa wakubwa peke yao.

La kwanza: kitu chochote chenye kukamatwa ku mulango kifunguliwe siku ileile, mbele ya mufanyakazi na mbele ya delege, kipigwe picha, na mufanyakazi apewe kopi ya ripoti. Na ripoti iandike chenye kilionekana, si jina chenye gardi alikipa. «Kichanuo cha kukunja, meno ya plastiki, kinafunguka kwa resori.» Mustari mumoja unatosha. Tena liste ya vitu vyenye kukatazwa ibandikwe ku mulango kwa Kiswahili, hapana kwa Kifaransa peke yake, na kuwe na sanduku ya kuacha vitu asubui na kuvichukua mangaribi.

La pili: sheria yetu inataka kuwe na komite ya usalama na usafi mahali pa kazi. Ile komite isiwe ya kukunywa sucré na kuweka sahihi. Kila kartoni ya maski, ya kofia, ya mishipi ya kupandia juu, ifunguliwe, na kimoja kijaribiwe mbele ya wafanyakazi wenye watakivaa. Kisha zamu, tugeuze maski, tuangalie ndani. Ile haiombe injenia. Macho yanatosha. Mimi nimekwisha kuandika barua juu ya zile nilizopokea, na ndani yake nimesema wazi kama sahihi yangu iko pale chini.

La tatu ni kwa vijana. Mukipenda vile vichanuo, munue, muchezee navyo mu kartie, muchekeshe wapenzi wenu. Lakini muviache nyumbani. Musipe mutu sababu ya kuwafukuza, maana wale wenye kutafuta sababu hawakose.

Yule kijana angali kazini mpaka leo. Mapatano yake ni ya muda, yataisha mu miezi minne, na sijui kama watayarudilia. Kichanuo walimurudishia. Alikileta kwangu, akaniambia hakitaki tena. Kiko ku meza yangu ya sindikati, pembeni ya maski yenye rangi ya majivu. Kila delege mupya mwenye kuingia, ninamuombesha afungue vyote viwili kwa mikono yake mbele hatujaanza kuongea.