Kiondo cha Mbooni, manjano na swali la jambo lililo wazi

Barazani nasikia yale yale kila mwaka: kiondo cha Wakamba kimepewa hataza ughaibuni, na kikoi chetu vilevile. Uchungu huo naujua. Lakini kisa cha kikoi kule Uingereza kilikuwa cha alama ya biashara, yaani kugombea jina. Hataza ni mlango mwingine, na una bawabu wake.

Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001 yataka kitu kiwe kipya, kifae katika uzalishaji, na kisiwe jambo la wazi kwa fundi wa kazi hiyo, akipima kwa yaliyojulikana kabla ya siku ya kuwasilisha ombi.

Fundi huyo ni nani? Kwa kiondo, ni mama wa Mbooni anayesuka katani. Mtu akitia mkanda wa ngozi kisha aombe hataza, mama atacheka. Ngozi yafanya kazi ya ngozi, katani yafanya ya katani. Hapo hapana uvumbuzi.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, waligundua kuwa tabaka nyembamba mno za chuma na kromu hubadilisha sana ukinzani wa umeme zikiwa karibu na sumaku. Grünberg aliomba hataza mwaka huohuo. Mwaka 1997 IBM ikatoa diski za kompyuta ambazo kichwa chake cha kusomea kilitumia ugunduzi huo. Leo ukielezwa waona rahisi, kwa kuwa jawabu likishatoka kila mtu ni fundi. Mkaguzi mwadilifu hujirudisha siku ya ombi, kabla jawabu halijajulikana.

Tatizo letu ni kwamba mkaguzi hupima kwa kile alichokiona. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kutibu vidonda kwa manjano, dawa ambayo bibi zetu waijua. India ilipinga kwa maandishi, na 1997 ikafutwa. Maandishi ndiyo yaliyookoa: wakati ule sheria ya Marekani haikuhesabu matumizi ya nje ya nchi hiyo yasiyoandikwa popote. Kasoro hiyo iliondoka kwa sheria ya 2011, iliyoanza kutumika 2013. Hata hivyo, ada isiyoandikwa bado ni ngumu kuithibitisha mbele ya mkaguzi aliye mbali.

Kwa hiyo kulalamika barazani hakutoshi. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa kaunti jukumu la kuweka rejista ya maarifa hayo. Makueni ina mama zake wa kiondo. Sisi tuna mafundi wa majahazi, wasusi wa mikeka na wajuzi wa dawa za miti.

Diwani wako akija kuomba kura, muulize: rejista yetu i wapi, na ndani yake mmeandika nini? Wazee wanaondoka mmoja mmoja, nao ndio mafundi ambao sheria yawataja.